Taarifa ya Kilo Nne na Robo

Ilikuwapo nchi, na kwa mujibu wa taarifa zake bado ipo, ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali na ofisi ya vibali imehamia jengo jipya ambalo halijazinduliwa. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Si nchi yake. Kwao, kama tujuavyo sote, mambo ya namna hii hayapo.

Katika nchi hiyo palikuwa na bonde la mpunga liitwalo Kisangala, na ndani ya bonde palikuwa na homa. Watu waliiita homa ya majaruba, kwa kuwa iliwapata wale wanaoshinda matopeni wakipandikiza mpunga. Ilianza na baridi ya mgongo, ikateremka magotini, kisha ikaondoka. Baada ya majuma machache ilirudi, kali kuliko mwanzo, ikaondoka tena, na iliendelea hivyo mpaka siku ambayo haikuwa na sababu ya kurudi. Ndipo wafadhili wa ng'ambo, watu wema ambao hakuna aliyewahi kuwaona uso kwa uso, wakajenga pale bondeni kituo cha utafiti chenye vitanda sitini, jokofu moja la dawa mpya, na chumba kikubwa cha kuandikia taarifa. Chumba cha taarifa ndicho kilichokuwa na feni.

Humo ndimo alimoketi Sista Sikudhani Mtepa. Alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita, na angebaki muuguzi tu kama si siku moja, miaka minne iliyopita, ambapo Profesa Lwakalinda, mkuu wa kituo, alisimama nyuma yake akimtazama anavyoandika jina la mgonjwa kwenye faili. "Sista," alisema Profesa, "una mwandiko mzuri sana." Sikudhani alifurahi. Angejua, angeandika kwa mkono wa kushoto.

Tangu siku hiyo ndiye aliyeandika taarifa za maendeleo za kituo, kila robo mwaka, kwa kalamu, kwa sababu Idara ya Maendeleo Yanayoonekana iliyoko mji mkuu haikupokea taarifa za kompyuta. Kitu kilichotumwa kwa kompyuta, ilisema Idara, hakiwekeki kwenye mizani. Habari ya mizani tutaifikia. Watafiti wenyewe, saba kwa idadi na wote wenye shahada, walikuwa na kazi ya kupiga mistari ya majedwali kwa rula. Kuhusu kuchoma wagonjwa sindano, Sikudhani aliwachoma kati ya jedwali moja na jingine, wino ukiwa bado haujakauka vidoleni.

Kazi hiyo ilikuwa imemchosha kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Aliwahi kuota anajaza fomu ya ndoto hiyohiyo, na fomu ikarudishwa.

*

Ukurasa wa kwanza wa Mwongozo wa Idara ulikuwa na sentensi moja tu, iliyowekwa ndani ya duara: MAENDELEO NI KUONGEZEKA. Kurasa mia mbili zilizofuata ziliieleza. Namba yoyote katika taarifa ilipaswa kuwa kubwa kuliko ile ya robo iliyotangulia, na ikiwa ndogo, hilo liliitwa kuporomoka, na kituo kinachoporomoka hufungwa.

Sasa tazama balaa lililoipata Kisangala. Robo ya kwanza, wagonjwa walikuwa hamsini na wanane. Robo ya pili, kumi na tisa. Robo ya tatu alibaki mmoja. Dawa ilikuwa inafanya kazi, na hakuna mtu yeyote miongoni mwa waliopanga mradi aliyekuwa amefikiria jambo hilo.

Huyo mmoja aliyebaki alikuwa Mwajabu, mama wa miaka thelathini na mitatu, aliyeletwa kituoni wa mwisho kabisa, amebebwa juu ya mlango uliong'olewa bawabani. Katika taarifa aliitwa Mshiriki Namba 58. Dawa ilikuwa sindano kumi na mbili, moja kila baada ya majuma mawili, na yeye alikuwa amekwisha kuchomwa tisa. Alikuwa ameanza kutembea, ameanza kulalamikia chakula cha kituo, na kila asubuhi alisimama dirishani kukisia maji yamefika wapi katika majaruba yake.

"Zimebaki tatu, Sista?"

"Tatu, mdogo wangu."

"Nikimaliza hizo tatu, ndiyo basi?"

"Ndiyo basi. Ila usikosee. Majuma sita yakipita bila sindano, homa inarudi, na ikirudi kwa mtu aliyekatisha dawa haina huruma."

"Mimi nikosee nini? Mkono ninao, na bega ninalo. Dawa unayo wewe."

Lakini dawa hakuwa nayo yeye. Kanuni ya kumi na nne ya Mwongozo ilisema kwamba kila mwisho wa robo mwaka jokofu la dawa litafungwa kwa kamba nyekundu na lakiri, ile nta ya muhuri wa Serikali, mpaka taarifa itakapopokelewa, ili dawa isije ikatumika pasipo maendeleo. Sindano ya tisa alimchoma Mwajabu jioni ya tarehe thelathini. Kesho yake asubuhi ofisa wa lakiri alifika na kijiko chake na jiko lake la mafuta ya taa, akayeyusha, akagandisha, akasainiwa, akaondoka. Ndani ya jokofu vilikuwamo vichupa vitatu, na Sikudhani akaanza kuhesabu siku. Alikuwa na arobaini na mbili.

*

Siku ya nane barua ya Idara ikafika. Profesa Lwakalinda aliisoma mbele ya watumishi wote akiwa amesimama, kama anavyosoma mtu tangazo la msiba. Alikuwa mtu mpole, aliyeingia katika udaktari akiwa na ndoto ya kugundua kitu, na sasa alikuwa amegundua, na hakujua afanye nini.

"Kumi na tisa kwenda mmoja," alisema. "Wanasema tumeporomoka kwa asilimia tisini na nne nukta saba. Hakuna kituo nchini kilichowahi kuporomoka hivi."

"Wamepona, Profesa," alisema Sikudhani.

"Najua wamepona, Sista. Mimi siulizi hilo. Nauliza tutaandikaje."

Mtafiti mmoja alipendekeza waandike "waliopona" badala ya "wagonjwa", lakini Mwongozo haukuwa na safu ya waliopona. Ulikuwa na safu ya wagonjwa, ya semina, ya mabango na ya vitanda. Profesa aliitazama safu ya vitanda kwa muda mrefu, na taratibu uso wake ukachangamka.

"Vitanda visivyo na mtu," alisema. "Robo ya kwanza vilikuwa viwili. Ya pili, arobaini na kimoja. Sasa ni hamsini na tisa. Jamani, hilo ni ongezeko."

Watu wakapiga makofi, na si kwa unafiki, maana walikuwa wamefurahi kweli. Sikudhani aliandika upya kurasa zote kwa siku mbili, mkono ukimuuma mpaka kiwikoni, na siku ya kumi taarifa ikapelekwa mji mkuu.

Ilirudi siku ya ishirini. Idara ilikipongeza kituo kwa ongezeko la kutia moyo. Hata hivyo, iliandika Idara, kitanda kisicho na mtu ni mali isiyotumika, na mali isiyotumika hurudishwa. Lori la kuchukua vitanda lilifika siku ileile ya barua, na hicho ndicho kitu pekee ambacho Sikudhani aliwahi kuona kikifika kutoka Idara siku ileile. Vitanda hamsini na tisa vikapakiwa. Kikabaki kimoja, na Mwajabu juu yake, katikati ya wodi iliyokuwa inatoa mwangwi mtu akikohoa.

Baada ya lori kuondoka, karani wa lori alirudi kwa miguu kutoka barabarani, ameshika fomu.

"Samahani, Sista. Hapa pana sehemu ya vitanda visivyo na mtu. Vingapi sasa?"

"Hakuna. Si mmevichukua?"

Karani akaandika sifuri, akakunja uso kwa masikitiko. "Kutoka hamsini na tisa mpaka sifuri," alisema. "Mama, mnaporomoka tena."

*

Mlango pekee uliobaki ulikuwa wa mizani. Katika nchi ile ilijulikana, ingawa haikuandikwa popote, kwamba Idara husoma ukurasa wa kwanza wa taarifa na kupima kurasa zinazobaki. Ukurasa wa kwanza ukiwa na mawaa, uzito unaweza kuufidia. Taarifa ya mwisho ya Kisangala ilikuwa ya kilo tatu. Ili waokoke, alisema Profesa, walihitaji isiyopungua nne.

Kwa siku kumi kituo kizima kilinenepesha taarifa. Waliorodhesha miti ya uani, mmoja mmoja, kwa urefu na kivuli. Waliandika historia ya baiskeli ya kituo. Mpishi alihojiwa juu ya ugali, akaeleza kwa kurasa kumi na mbili, na ni haki kusema kwamba hizo ndizo zilizokuwa kurasa zenye maarifa kuliko zote. Sikudhani aliandika, aliandika, aliandika, na alipofika ukurasa wa mia moja themanini na nane, katikati ya jedwali la kimo cha nyasi, akasimamisha kalamu. Hakulia, kwa sababu wino ungechafuka. Aliandika tu, kwa mwandiko uleule mzuri, mistari mitatu isiyohusu nyasi:

"Kama yupo anayesoma hapa, naomba anisaidie. Mshiriki Namba 58 anaitwa Mwajabu. Amebakiza sindano tatu na zimefungiwa."

Kisha akaendelea na nyasi.

Siku ya thelathini na moja aliibeba taarifa mwenyewe mpaka mji mkuu, kwa kuwa hakumwamini tena mtu yeyote kuifikisha. Chumba cha mizani kilikuwa chini kabisa ya jengo la Idara. Mpimaji, Bwana Kibwende, alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba na mizani ya kuning'inia, ya bucha, ambayo bado ilikuwa na ndoano yake. Aliinua taarifa ya Kisangala, akaitundika, akasubiri mshale utulie.

"Kilo nne na robo," alisema kwa heshima. "Hii ni taarifa, dada yangu. Juzi watu wa kifua kikuu wameniletea gramu mia nane. Nimeona aibu kwa niaba yao."

"Na kuisoma mtaisoma lini, mzee wangu?"

Bwana Kibwende aliinua miwani. Halikuwa swali alilolizoea.

"Kuisoma?"

"Mtu kukaa, kuifungua, kuisoma."

"Dada yangu, mtu anaweza kuandika uongo wa kurasa mbili, wa kurasa tano. Lakini kilo nne za uongo? Mkono unachoka. Kwa hiyo uzito ukiwapo, ukweli upo. Ndiyo maana ya mizani."

Sikudhani alitazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa umevimba kidole cha kati.

"Basi imepita? Nirudi nikafungue jokofu?"

"Kwenye uzito imepita. Kupokelewa bado. Anapokea Mheshimiwa Mratibu Mkuu mwenyewe, na hapokei kitu kabla ya miezi miwili kupita. Yuko ziarani, anazindua." Bwana Kibwende alishusha sauti, kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake amechoka. "Na lakiri haikatwi na mtu mwingine. Ni Mheshimiwa tu, kwa mkasi wake. Huyo mtu, dada, akiona utepe hajizuii. Kile kisima cha Mbuyuni amekizindua mara tatu, na maji bado."

Sikudhani alirudi Kisangala bila kuaga. Njia nzima alikuwa akiifikiria ile kamba nyekundu. Ukiitazama kwa jicho la mtu aliyezoea sherehe, ilifanana sana na utepe.

*

Barua aliyoiandika kesho yake ilikuwa fupi. Ilimwalika Mheshimiwa Mratibu Mkuu kuwa mgeni rasmi katika Uzinduzi wa Ufunguzi wa Jokofu, Awamu ya Kwanza. Profesa aliisoma mara mbili.

"Sista, hakuna kitu kinachoitwa uzinduzi wa ufunguzi."

"Kuna Mratibu Mkuu, Profesa. Saini tu."

Akasaini. Nadhani, ingawa hajawahi kukiri, kwamba ilikuwa karatasi ya kwanza kuisaini kwa furaha tangu awe mkuu wa kituo.

Jibu lilikuja kwa pikipiki. Mheshimiwa angefika siku ya arobaini na moja. Siku hiyo asubuhi Sikudhani aliingia wodini na kumkuta Mwajabu ameketi kitandani, kanga mbili mabegani, na jua lilikuwa limekwisha kuwaka.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Una nini?"

"Mgongo," alisema Mwajabu. "Baridi kidogo tu. Labda ni upepo, wodi yenyewe imekuwa uwanja." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Si upepo, eti?"

Sikudhani aliogopa. Aliogopa kama alivyoogopa mara ya kwanza alipopewa mgonjwa wake mwenyewe, na hakuwa ameogopa hivyo kwa miaka mingi. "Vaa vizuri," alisema. "Leo wewe ni mnufaika. Utakaa mstari wa mbele, utapiga makofi, na mimi nikikugusa bega utanifuata jikoni."

Msafara ulifika na magari kumi na moja. Gari la tatu lilibeba mkasi, uliolazwa juu ya mto wa mahameli na kuvikwa mkanda. Wanabonde wote waliopona walikuwa wameletwa kushangilia, watu hamsini na saba wenye afya njema, na Mheshimiwa alipowaona alimwinamia Profesa akamnong'oneza, "Poleni. Naona hamna wagonjwa kabisa." Kisha akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu wa Kisangala," alisema Mheshimiwa, "nchi nyingine zina majokofu. Sisi tuna majokofu yenye mwelekeo. Jokofu lisilozinduliwa ni sanduku tu lenye baridi. Kuna watu watauliza, kwa nini kiongozi asafiri siku mbili kuja kufungua mlango. Nawajibu. Kufungua mlango ni kazi ya upepo. Kuzindua ufunguzi wa mlango, hiyo ni kazi ya uongozi."

Alizungumza kwa saa moja na nusu. Alieleza utoto wake, barafu ya kwanza aliyoiona, na nafasi ya ubaridi katika ujenzi wa taifa. Mwajabu alipiga makofi kila walipopiga wenzake, na Sikudhani aliona mikono yake inatetemeka hata pale ambapo hawapigi. Hatimaye mkasi ukaletwa, kamba nyekundu ikakatwa, mlango ukafunguliwa. Mheshimiwa aliinama akavitazama vile vichupa vitatu katika jokofu lililoweza kubeba elfu moja.

"Naona nafasi kubwa ya upanuzi," alisema, na wapiga picha wakapiga picha.

Halafu akaagiza jokofu lifungwe tena kwa lakiri, ili Waziri naye apate kulizindua mwezi ujao. Hilo Sikudhani alikuwa amelitarajia. Ndiyo maana kwenye ratiba, baina ya kukata na kufunga, alikuwa ameweka pilau.

Ofisa wa lakiri alipenda pilau. Alipewa sahani, akaongezewa ya pili, akaletewa na kachumbari ya pembeni, na jiko lake la mafuta ya taa likakaa likisubiri. Sikudhani aliingia chumba cha jokofu akiwa na sinia, akavitoa vichupa vitatu, akaweka mahali pake vichupa vitatu vya maji ya chumvi. Hakuna ambaye angevikagua, lakini vingeonekana pungufu, na kupungua, kama ujuavyo, ni kuporomoka. Kisha akapita mstari wa mbele na kumgusa Mwajabu bega.

Alimchoma jikoni, nyuma ya sufuria la wali, na mpishi akiwa amesimama mlangoni amewapa mgongo. Sindano ya kumi. Siku ya arobaini na moja. Nje, Mheshimiwa alikuwa anaomba aongezewe nyama.

"Umetetemeka wewe kuliko mimi," alisema Mwajabu, akishusha mkono wa gauni.

"Nyamaza," alisema Sikudhani, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa kuwa safari hii hapakuwa na wino wa kuharibika.

Vichupa viwili vilivyobaki alivitia ndani ya mtungi wenye maji, kwenye mchanga mbichi nyuma ya jiko, vipate ubaridi, na kila baada ya majuma mawili akatoa kimoja. Baridi ya mgongo iliondoka baada ya siku nne. Baada ya sindano ya kumi na mbili Mwajabu alikunja kanga zake, akaaga, akaenda kupandikiza mpunga, na alikuwa amechelewa kwa juma moja tu.

*

Ikabaki taarifa ya robo ya nne, na safu ya wagonjwa.

"Andika hata wawili," alisema Profesa. Hakuamrisha, aliomba. "Wawili ni zaidi ya mmoja. Tutapona."

Mwajabu mwenyewe aliposikia alikuja na tope miguuni. "Mimi nitalala pale siku ya ukaguzi," alisema. "Na shemeji yangu atalala. Mkitaka, bonde zima tutalala kwa zamu. Nyie mmetufaa."

Sikudhani aliwashukuru wote wawili. Kama angekuwa kijana, pengine angeandika wawili, na robo inayofuata wanne, na kadhalika mpaka bonde zima la watu wazima wenye siha likawa kitandani wakati mpunga unaiva. Lakini alikuwa amechoka, na kuna uchovu ambao unamwacha mtu hana nguvu ya kudanganya tena. Akaandika sifuri. Aliiandika kubwa na nzuri, akaitazama, akaona katika miaka minne hajaandika kitu kinachopendeza hivyo.

Idara ilijibu kwamba sifuri si namba ya maendeleo. Kituo kilifungwa kwa sherehe. Wanabonde waliletwa tena kushangilia, safari hii wakiwa hamsini na wanane, Mheshimiwa akasikitika mbele yao kwa saa nzima juu ya kushindwa kwa mradi wa homa ya majaruba, na wao, wakiwa wazima kama chuma, wakampigia makofi. Profesa Lwakalinda alihamishiwa kituo cha safura, ambako anajitahidi sana asigundue kitu. Na Sista Sikudhani, kwa kuwa ile taarifa ya kilo nne na robo ilikuwa nzito kuliko zote zilizowahi kutundikwa kwenye ndoano ile, alipandishwa cheo, akawa Mpimaji Msaidizi katika makao makuu, chini ya Bwana Kibwende.

*

Ghala la taarifa lilikuwa nyuma ya chumba cha mizani. Siku ya kwanza ya kazi, Bwana Kibwende alipoenda kunywa chai, Sikudhani aliingia kuitafuta taarifa yake. Aliikuta rafuni, kamba aliyoifunga yeye mwenyewe bado ina fundo lake. Juu yake palikuwa na alama ya duara ya kikombe.

Hakushangaa. Aliinua ile iliyokuwa chini yake, ya kituo kimoja cha milimani alichokijua kwa jina tu, akaifungua bila sababu, kama mtu anavyofungua redio ya jirani. Kurasa za kwanza zilihusu mabango. Kisha miti. Ukurasa wa mia mbili na sita, katikati ya orodha ya viti, mwandiko ulibadilika kidogo, ukawa wa mtu anayebonyeza kalamu:

"Kama kuna anayesoma, Mshiriki Namba 12 amebakiza dozi mbili. Ana miaka tisa. Tafadhali."

Tarehe ilikuwa ya miaka mitano iliyopita.

Sikudhani aliketi juu ya rundo la taarifa. Baadaye akafungua nyingine, na nyingine. Si zote zilizokuwa na ombi kama hilo, lakini zilikuwa nyingi. Mmoja alikuwa ameandika katikati ya ratiba ya semina. Mwingine alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli, neno moja tu: "Yupo?" Watu wenye mwandiko mzuri kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, walikuwa wamepiga hodi ndani ya nyumba hii, na aliyekuwamo ndani ni mzee wa mizani.

Bwana Kibwende alimkuta sakafuni, amezungukwa na karatasi.

"Unafanya nini, dada yangu?"

"Nasoma."

Mzee alisimama na kikombe chake mkononi. Alitaka kusema kitu kuhusu utaratibu, akamtazama usoni, akaacha. "Imeletwa moja sasa hivi," alisema. "Ya bonde la chumvi. Kilo tatu na nusu. Nilikuwa nataka kuitundika."

"Nipe kwanza."

Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, pale pale chini, mpaka alipoufikia. Ulikuwa ukurasa wa tisini na saba, katika jedwali la madirisha. Mgonjwa mmoja, dozi nne, jokofu limefungwa. Tarehe ilikuwa ya juzi. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita.

Alinyanyuka, akaenda mezani, akavuta karatasi safi. Kwa mwandiko uleule uliomponza, akaandika juu katikati: RATIBA YA UZINDUZI WA UFUNGUZI WA JOKOFU. Akaweka mgeni rasmi, akaweka ngoma, akaweka hotuba. Baina ya kukatwa kwa utepe na kurudishwa kwa lakiri akamkumbuka yule ofisa na sahani zake, akaandika: Chakula cha mchana, na kisipungue muda wa saa mbili.